Sangara Kwenye Kioo

Hongera kwa steshenari moja ya hapa Kisesa. Foleni ya kopi imefika barabarani, lakini kompyuta yao haina tena ule mshale mweupe wa kipanya, wa kishamba: sasa anaogelea sangara, magamba yanameremeta. Mshale wa kawaida wa Windows ni pikseli 32 kwa 32, hivyo kijana wa dukani kashinda asubuhi nzima akimpunguza samaki mpaka akaenea. Ncha ya kubofyea kaiweka mkiani. Kila akilenga kuprinti kwa mdomo wa samaki, faili linajifunga. Sanaa haiharakishwi, na Makumbusho ya Bujora yako jirani, wajiandae kumpokea. Wino? Wa nini! Mama mwenye mtoto mgongoni kaambiwa asubiri kidogo, sangara anawekewa jicho.