Kitana cha Marehemu

Jamani, kuna watu wamekufa na bado wanaingiza hela kuliko mimi niliye hai. Hilo ndilo linaninyima usingizi siku hizi, wala sio mbu. Mbu nimewazoea.

Mimi ni mtu wa nyimbo. Kibanda changu kiko hapahapa Busisi, njia ya kushukia gatini. Ukija na memori kadi nakujazia, ukija na flashi nakujazia, ukija na simu imezima nakuchajia kwanza halafu nakujazia. Enzi za kivuko nilikuwa mtu kati ya watu. Magari yamepanga foleni, mabasi ya Geita, mabasi ya Bukoba, malori. Abiria wameshuka wananyoosha miguu, wanatafuna sato wa kukaanga, hawana pa kwenda. Hakuna msikilizaji mzuri kama mtu asiye na pa kwenda. Namfungulia Mbaraka Mwinshehe, anatikisa kichwa, anauliza bei.

Juni 19, 2025 daraja likafunguliwa. Kilomita 3 juu ya maji. Sasa gari linakatiza ziwa kwa dakika nne, tano. Sina ugomvi na daraja, bana. Wajawazito wanawahi hospitali, samaki wanawahi sokoni, mama mkwe naye anawahi kwangu. Ila niambie, mtu wa dakika nne utamuuzia nini? Gitaa la Mbaraka halijakolea, basi limeshafika Kigongo, ng'ambo ya pili.

Basi nimebaki na kijiwe. Bodaboda, fundi baiskeli, mama wa dagaa. Wote wanasikiliza, hanunui mtu.

Juu ya hayo kuna kijana wa dada yangu, anasoma chuo huko mjini Mwanza. Wikiendi anakuja kula. Sisemi anakuja kunisalimia, nasema anakuja kula. Juzi kashiba, kajinyoosha kwenye benchi langu, ananiuliza: "Mjomba, unauza nyimbo halafu humjui Freddie Mercury? Mwimbaji wa rock anayejulikana dunia nzima, na kazaliwa Zanzibar!"

Mbele ya bodaboda. Mbele ya mama wa dagaa ninayemdai.

Nikasema namjua vizuri sana, si yule aliyemwimbia Karume? Kijiwe kikaangua kicheko. Kijana akaomba simu yangu, yenye bando langu, anielimishe.

Kumbe jamaa alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, ukoo wa Kiparsi. Baba yake alikuwa karani wa fedha mahakamani. Akiwa na miaka minane wakampeleka shule ya bweni India. Akarudi, Mapinduzi ya 1964 yakatokea, familia ikahamia Uingereza. Mwaka 1970 akaingia na wenzake kwenye bendi ya Queen. 1975 wakatoa wimbo unaitwa "Bohemian Rhapsody", karibu dakika 6, hauna hata kiitikio. Dakika 6! Huo ungemfaa mtu wa kivuko, mtu wa daraja ataumalizia Sengerema. Akafa kwa Ukimwi Novemba 24, 1991, London, ana miaka 45.

"Kafa tangu 1991?" nikasema. "Basi huyo kashasahaulika. Sifa ya mwanamuziki ni miaka kumi, ikizidi sana kumi na tano. Ndivyo ilivyo." Mimi nikiwa sijui kitu huwa nakisema kwa sauti kubwa.

Kijana akacheka, akaendelea kula bando. Filamu ya maisha yake imetoka 2018, aliyemwigiza akachukua Oscar. Makumbusho yake yamefunguliwa Shangani, Mji Mkongwe, 2019. Uswisi, mji wa Montreux, wamemsimamishia sanamu ya shaba ufukweni mwa ziwa tangu 1996. Ziwa hata sisi tunalo, nikawaza. Fundi baiskeli akaniona nawaza, akasema: "Wewe wakikuwekea sanamu hapa, wateja wako ni korongo tu."

Nikasema haya, maneno basi, tupime kwa supika. Mwanza yenyewe wanaiita Rock City, lakini rock yetu ni mawe, hayaimbi. Nikaufungulia ule wimbo wa dakika 6, sauti mpaka mwisho. Mwanzo kimya, watu wanatazamana. Mara jamaa kaanza kuimba na wenziwe kama kwaya tatu zimegombana kanisani. Mama wa dagaa akaniuliza kwa upole kama supika imeungua. Mbuzi wa jirani akahama. Nikamtazama mpwa wangu kwa ushindi. Unaona? Kashasahaulika.

Yule mtoto akaweka mwingine. Du, du, pa! Du, du, pa! Uwiii! Bodaboda wote miguu chini, mikono juu. Wanapiga vumbi, wanapiga makofi, hawakosei hata pigo moja. Akaweka "We Are the Champions", wakaimba wamekumbatiana kama Yanga na Simba wamechukua kombe moja wagawane. Nikawauliza, nyie huyu mnamjua? Mmoja akanijibu kwa huruma: "Mzee, huu si wimbo wa mpira?" Mwingine akasema ni wa Uefa. Na mimi, nisiseme uongo, nilijua ni wa Uefa.

Hawamjui kwa jina, hawamjui kwa sura, hawajui kuwa kwao ni Unguja. Na wimbo wanaujua mpaka kwenye magoti. Sasa hapo mtu kasahaulika au hajasahaulika? Nikamuuliza mama wa dagaa, akasema yeye anachojua deni lake atalipa mwisho wa mwezi.

Nikasema basi tusishangae ya Wazungu, tuangalie ya kwetu. Marijani Rajab, Jabali la Muziki, kafa 1995. Kuna kijana alikuja kibandani akasema mzee nitilie "Zuwena". Moyo ukafurahi, nikasema kumbe kizazi hiki kina adabu. Nikamtilia Zuwena ya Marijani na Dar International, tena nikampunguzia bei. Jioni karudi amevimba: "Mzee, umenitilia Zuwena feki. Nataka ya Diamond." Nikamweleza kuwa hii imetangulia, wakati inatoka Diamond hata hajazaliwa. Akasema hayo yangu, yeye arudishiwe hela yake. Nikamrudishia. Marijani wangu akafutwa kwenye simu mbele ya macho yangu.

Halafu mchukue Remmy Ongala. Kazaliwa Kindu, Kongo, 1947, kaja Dar 1978, kaiongoza Super Matimila, kawaimbia wanyonge mpaka nyimbo zake zikatolewa na studio za Uingereza. Kafa Desemba 2010. Sasa nenda Sinza upande daladala, utamsikia konda: "Kwa Remmy wapo? Kwa Remmy shuka!" Mtu anashuka Kwa Remmy, ananunua chipsi Kwa Remmy, anamsubiri mchumba Kwa Remmy. Muulize Remmy ni nani. Atakwambia ni kituo.

Mpwa wangu akasema mjomba, hao wa kwetu ndio wamefifia sasa. Nikakataa. Nikamwambia wewe umesoma, lakini hujawahi kukaa gatini. Mimi nimewauzia watu marehemu miaka yote hii. Mtu hanunui marehemu kwa sababu anamkumbuka. Ananunua kwa sababu ana shughuli naye. Ana harusi, kaachwa, ana safari ndefu. Freddie watu wana shughuli naye kila kombe linaponyanyuliwa. Remmy watu wana shughuli naye kila siku wanapotaka kushuka Sinza. Mbaraka aliyekufa kwa ajali ya gari kule Kenya mwaka 1979 alikuwa na shughuli na foleni yangu. Foleni imekwisha, Mbaraka hana hatia, gitaa lake ni lilelile.

Wala sio kaburi. Yule Freddie alichomwa, majivu yake alikabidhiwa mwanamke mmoja tu, rafiki yake wa tangu ujana, na mahali yalipo hapasemwi. Hana kaburi la kwenda kupiga nalo picha. Marehemu baba yangu mdogo tumemjengea kaburi la vigae, tumechanga ukoo mzima, mimi bado nadaiwa. Anayemtembelea ni yule mbuzi wa jirani. Vigae vina ubaridi.

Kijiwe kikanyamaza. Nikasema leo nimewapata. Ndipo mpwa akatoa ya mwisho. Septemba 2023 vitu vya Freddie vilipigwa mnada London. Kulikuwa na kitana chake kidogo cha fedha, cha kuchania masharubu. Walikadiria pauni 400 mpaka 600. Kikauzwa pauni 152,400. Fundi baiskeli akapiga hesabu chini kwa kijiti: zaidi ya milioni 400 za Kitanzania. Kitana! Sio gitaa, sio nyumba, kitana! Bando nalo likakata hapohapo, nikabaki na simu inayonitazama.

Nilienda nyumbani nimeshika kidevu. Masharubu ninayo. Sio mengi, lakini ninayo. Nikasaka kitana changu chumbani, nikakipata chini ya godoro, nikamkabidhi mama watoto kwa heshima zote. Nikamwambia hiki kihifadhi, siku nikifa usije ukakitupa, watoto watasoma.

Akakigeuza akakitazama. "Baba, hiki ni cha mtoto. Chako si ndicho tunachobania mlango wa banda la kuku?"

Nikazunguka nyuma ya nyumba. Kweli kipo, meno yamebaki matatu, kimekaza. Nikakishika nikichomoe, nikasikia sauti kutoka jikoni: "Kiache hapohapo! Unataka kuku wote watoke?"

Nikakiacha. Kina shughuli.