Heshima kwa Foto Iliyotikisika

Waheshimiwa, milima ya Lubero, huku kwetu mashariki mwa Kongo, imekwisha kusifiwa, maziwa yake pia, na wafanyabiashara wa Butembo husifiwa kila siku bila kulalamika. Mimi nasimama kumsemea asiye na msemaji: foto ya watoto iliyotikisika, ile iliyopigwa kwenye shamba la ng'ombe la familia, yenye nusu ya mtoto, robo tatu ya ndama, na ukungu wa rangi ya sweta ambao mama mtu anaapa kuwa ni kifungua mimba wake.

Ukoo wake ni wa zamani. Mwaka 1838 Louis Daguerre aliielekeza kamera yake kwenye barabara moja ya Paris yenye watu na magari ya farasi. Kamera ile ilihitaji dakika kadhaa kunasa mwanga, kwa hiyo kila aliyekuwa safarini akafutika. Aliyebaki akionekana vizuri ni bwana mmoja aliyesimama kung'arishiwa viatu. Wenye shughuli zao wakatoweka, mwenye nafasi akaingia katika historia! Baadaye, katika karne hiyohiyo, wapiga picha wa Uingereza walimfunika mama shuka akageuka kiti, ili amshike mtoto atulie. Nenda kamfunike shuka mama wa Kinande saa ya kukamua, kisha uje utusimulie.

Wajuzi watasema mwanga ndio wa kulaumiwa. Kweli, Butembo iko karibu kabisa na ikweta, na jua la saa sita husimama utosini likawatia watoto vivuli vyeusi machoni. Mwenye busara basi hupiga foto alfajiri. Lakini alfajiri zizini kuna giza, na simu ikikosa mwanga hukawia kufumba jicho lake. Wakati huohuo ndama anafunguliwa anyonye kidogo, mama yake ateremshe maziwa, na ndama aliyetolewa mapema kwenye chuchu hunyonya chochote kilicho karibu. Karibu kuna shati la mtoto.

“Tulia, mwanangu, angalia huku.”

“Papa, anakula shati!”

Foto imepigwa. Haina uso wa mtu, ila ina shati, ulimi na ukweli wote.

Kwetu Wanande majina yenyewe huwapanga watoto: Kambale ni mvulana wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne. Mpiga foto mgeni hufurahi, akidhani kazi imekwisha nusu. Kakule amesimama, kifua mbele. Kasereka ameona ng'ombe ameingia kwenye maharagwe ya jirani. Kambale tayari yuko mbali na fimbo yake. Nani mwenye kosa hapo? Maharagwe ya jirani hulipwa. Foto haimlipi mtu. Mtoto wa miaka sita amepima hasara haraka kuliko mtu mzima mwenye simu.

Sasa mtazame mpinzani wetu, foto iliyotulia. Nguo za misa, viatu vimeoshwa, mikono imebanwa mapajani, ndama ameshikwa sikio na mjomba aliyejificha nyuma. Wote wanaonekana wamekosewa. Foto hiyo ingepigwa studio yoyote mjini, mbele ya pazia la maua, na hakuna ambaye angegundua kwamba ng'ombe hayupo. (Nakiri, ndiyo inayotundikwa sebuleni. Sebule ina ladha yake.)

Tena iliyotikisika ni nyepesi kubeba. Waasi wa M23 walipoingia Kanyabayonga mwezi wa 6 mwaka 2024, watu wengi wa kusini mwa Lubero walikimbilia kaskazini na walichoweza kushika. Ng'ombe haingii mfukoni. Simu huingia, pamoja na ulimi wa ndama na shati lililotafunwa.

Na inaleta mazungumzo. Ukimtumia shangazi aliyeko Brussels foto safi, anajibu kwa moyo mwekundu na kunyamaza. Mtumie ile yenye ukungu: anapiga simu kuuliza ni nani huyo nyuma ya mkia. Baba anasema Kasereka. Mama anasema Kambale, anaijua miguu ya mwanawe. Kakule anasema hapana mtu pale, ni mbwa, na kadi ya simu inaisha kabla hawajafika kwenye habari za mbuzi.