Jinsi ya Kulifungisha Jalala

Jalala la mtaani kwenu limenenepa kwa pesa zako. Unanunua tunda zima, unalipia mpaka ganda, kisha ganda unalipelekea jalala bure. Basi lifungishe hivi.

1. Osha kabla ya kumenya. Vumbi la barabarani na dawa za wadudu hukaa kwenye ganda, kwa hiyo lisugue tunda likiwa bado zima, kwa maji yanayotiririka. Lililoota ukungu usilionee huruma, litupe.

2. Chungwa. Ule utepe mwembamba anaoumenya muuzaji ndio wenye mafuta yanayonukia, na ganda bichi lina vitamini C zaidi ya mara mbili ya nyama yake, gramu kwa gramu. Uombe utepe wako! Uanike kivulini penye upepo hadi uvunjike kwa vidole, utwange, uchekeche. Kijiko kidogo kinatosha unga wa maandazi au sufuria ya uji; ukizidisha, uchungu utakukaripia. Weupe ulio chini ya utepe una pektini, ile inayogandisha jamu. Unapopika jamu ya papai, ufunge kwenye kitambaa safi, uutumbukize sufuriani pamoja na maji ya ndimu, kisha uukamue mwishoni.

3. Nanasi. Chemsha maganda na tangawizi na karafuu kwa nusu saa, uchuje, unywe kinywaji hicho kikiwa moto au baridi. Wameksiko huyaloweka kwa sukari guru siku chache hadi yachachuke, wakapata kinywaji wanachokiita tepache.

4. Tikiti maji. Ondoa ngozi ngumu ya kijani tu. Sehemu nyeupe ikatekate uiunge kwa nazi kama mung'unye, au itie siki, chumvi na pilipili iwe achari. Ina nyuzinyuzi, na tumbo lako linazihitaji kuliko jalala.

5. Mabaki. Maganda ya nanasi yaliyokwisha kuchemshwa mpe mbuzi, au yafukie shambani yawe mbolea. Yakirundikwa dampo na kuoza bila hewa hutoa methani, gesi inayozidisha joto la dunia.

Anza na tunda moja wiki hii, lile mnalolila zaidi nyumbani. Likishazoeleka, ongeza la pili. Familia iliyolipia tunda zima ina haki ya kulila zima, na jalala lina haki ya kulala na njaa.