Sifa za Gitaa Lisilotulia

Wengine husifu ng'ombe wa maziwa, wengine bwawa la Masinga kwa umeme wake. Mimi nimeona nisifu briji ya gitaa inayokalia springi, ile ya mkono wa kuchezesha sauti, ambayo hapa Ndithini imetukanwa kuliko mbuzi wa jirani.

Tuanze na ukoo wake. Leo Fender wa California alitoa gitaa la Stratocaster mwaka 1954, na briji yake akaiita tremolo. Jina si lake. Tremolo ni sauti kuvuma na kufifia. Sauti ikipanda na kushuka kama kilio, hiyo ni vibrato. Kwenye amplifaya zake mzee akageuza tena, tremolo ya kweli akaiandika vibrato. Na kupiga gitaa kwenyewe hakujua! Chombo kilichobatizwa jina la jirani, tena na mtu asiyekipiga, nani atakidai msimamo?

Hekima yake iko mgongoni. Fungua kifuniko utaona springi, mara nyingi tatu, zikivuta upande mmoja. Mbele, nyuzi 6 zinavuta upande wa pili kwa nguvu inayokaribia kilo 45. Katikati briji inaelea, haina upande. Ukikaza uzi mmoja, briji inainama na nyuzi tano zilizobaki zinalegea. Ukikaza wa pili, wa kwanza umeshashuka. Utazunguka hivyo kama mtu anayepatanisha wake wenza.

Sisi tuliochimba matuta kwa mwethya, kazi ya pamoja ambapo mmoja akiacha wote wanayumba, tunaielewa briji hii. Uzi ukikatika, springi zinashinda, na nyuzi tano zilizobaki zinapaa zote pamoja kwa mayowe, kila mmoja kwa kiasi chake. Huo ndio msiba. Kwenye gitaa lenye briji iliyopigiliwa misumari, uzi ukikatika wenzake wanaendelea na wimbo kana kwamba marehemu hawakuwahi kumjua.

Utauliza, mkono wenyewe unasaidia nini katika benga? Hausaidii. Muziki wa kina Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers wake ni solo kavu juu, rithim ikijibu chini, vidole vikikimbia. Hakuna pa kulizia uzi. Mkono wa gitaa langu ulipotea wiki ya kwanza na sijautafuta. Raha ya briji sijaionja, karaha yake ninayo kamili.

Lakini njoo harusini, bendi yetu ikipiga. Natuni saa tisa mchana chini ya hema, jua la Ndithini likichoma hadi nyuzi zinalegea. Saa tatu usiku upepo umepoa, chuma kimejikunja, sauti zimepanda bila ruhusa yangu. Kila baada ya nyimbo mbili nainama na vigingi kukaza nyuzi upya. Hapo mwimbaji wetu anashika maikrofoni. Anamsalimu baba wa bwana harusi, wajomba, mwenye lori, mwalimu mstaafu aliyejificha nyuma ya nguzo. Anayetajwa hutuza, maana nani atatajwa mbele ya wakwe akae na noti mfukoni? Wazee wanapumua, wapishi wanapitisha sinia. Sijaona mshereheshaji anayechangisha kama uzi wa tatu ulioshuka kidogo.

Fundi mmoja alitaka kutuharibia. Kule Marekani Floyd Rose alibuni kufuli za kubana nyuzi zisihame sauti, miaka ya 1970. Fundi wetu alikuwa na penseli na kipande cha mgunga. Alisugua penseli kwenye mifereji ya shingoni, nyuzi zinapopita kuelekea vigingi, akisema ndipo zinapokwama zisirudi mahali pake. Kisha akashindilia ule mti mgongoni, nyuma ya briji, ikakoma kuelea.

Jumamosi hiyo gitaa halikuhama hata nukta. Tulipiga nyimbo kumi na moja mfululizo. Mjomba mmoja alikaa chini katikati ya uwanja akishika kifua, mwalimu mstaafu hakutajwa, na kapu la kutuzia lilikuwa na sarafu na kizibo cha soda.

Mwimbaji alinifuata nikikunja waya. "Mzee, hicho kibao ukitoe."

Nilikitoa usiku uleule. Siku hizi kinazuia mlango wa jikoni usibamizwe na upepo, na kwa kazi hiyo sina lalamiko.