Umri wa Shemeji Haujafika

Mwanzoni mwa Oktoba 2025 Mzee Tazara alifika kijiweni simu mkononi, hajasalimia mtu. Mzee huyu alistaafu reli akiwa na cheti cha utumishi mwema na tabia ya kutoa salamu kwa zamu, mkubwa hadi mdogo. Akiruka salamu, ujue jambo limefika shingoni.

"Nyamazeni msikilize," akasema, akabonyeza.

Ilikuwa sauti ya kaka yake anayeishi Leicester, Uingereza, mtu wa miaka 77. "Mdogo wangu, hawa watu wa kituo cha afya wameniandikia tena. Wanataka nikachomwe sindano ya korona ya vuli. Nimeshachomwa nane! Siendi. Sasa anayeitaka ni shemeji yako. Kajikongoja mpaka duka la dawa, wakamwambia hapana mama, umri wako haujafika."

"Shemeji ana miaka mingapi?" akauliza Hajji.

"Sabini kamili."

Bakari muuza kahawa alicheka mpaka akamimina nje ya kikombe, karibu na kiatu cha Dalali. Chapchap, bodaboda wetu, alishuka kabisa kwenye pikipiki apate nafasi ya kucheka.

"Sabini, umri haujafika! Basi wamsajili timu ya taifa ya vijana, winga ya kulia iko wazi."

"Dogo, huyo ni shemeji yangu."

"Samahani mzee. Winga ya kushoto."

Hapo ndipo Dokta Panadol alipokohoa. Dokta si daktari. Ana duka la dawa muhimu jirani na msikiti, na koti jeupe ambalo halivui hata akienda kununua mkaa. Lakini anasoma. Zile karatasi zinazokunjwa ndani ya boksi za dawa, ambazo sisi tunazitupa, yeye huzisoma mpaka kwenye anwani ya kiwanda.

"Hawajamwonea," akasema. "Vuli ya 2024 waliwaita wote kuanzia miaka 65, na walio chini ya hapo wenye maradhi kama kisukari. Vuli hii wamepandisha mpaka 75, wakaongeza wanaoishi kwenye nyumba za kulea wazee na wale ambao kinga yao ya mwili imedhoofika. Hapo orodha imefungwa."

"Lakini shemeji ana sukari."

"Mwaka jana sukari ingemwingiza. Mwaka huu peke yake haitoshi."

"Yaani sukari imeshuka thamani," akasema Dalali, ambaye kila habari kwake ni habari ya soko.

Dokta akaeleza kwamba wataalamu wa chanjo wa kule wamekaa wakapiga hesabu. Karibu kila mtu ameshachanjwa, au ameshaugua, au vyote viwili, kwa hiyo kinga ipo ya kutosha kwa wengi. Swali sasa ni pauni ngapi zitoke ili mtu mmoja asilazwe hospitali. Kwa wenye miaka 75 kwenda juu hesabu inalipa. Chini ya hapo, serikali inaona inatoa hela nyingi kuokoa vitanda vichache. Marekani nako mwaka huohuo wameibana: mamlaka yao ya dawa imeidhinisha chanjo mpya kwa wenye miaka 65 na zaidi, na kwa walio chini ya hapo wenye maradhi yanayowaweka hatarini.

"Astaghfirullah," Hajji akatikisa kichwa. "Binadamu anapigiwa bei kama mbuzi wa Idi."

"Huku kwetu hatupigiwi hesabu yoyote, Hajji, na hujawahi kulalamika," Mzee Tazara akamjibu. Halafu akageuka. "Mimi swali langu ni la kaka. Dokta, kama sindano inazuia, mbona kaka kachomwa nane na korona kaipata mara mbili?"

"Nani kakwambia inazuia, mzee? Inapunguza. Dhidi ya kuambukizwa inakukinga kiasi, tena kwa miezi michache tu. Kazi yake kubwa ni kukuepusha na kitanda cha oksijeni. Mtu wa miaka 77 akikohoa wiki moja chumbani kwake halafu akainuka akadai chai, huenda hapo chanjo imefanya kazi. Ila nani ataishukuru? Atashukuru tangawizi, kwa sababu tangawizi aliiona kikombeni."

"Haya, na kwa nini kila mwaka? Mimi enzi zangu nikienda Zambia nilichomwa homa ya manjano, nikapewa kadi, ikasema miaka 10. Mwaka 2016 wakasema kadi ile ni ya maisha. Ya zamani inarefuka, hii mpya inafupika!"

Swali zuri, nami nilinyamaza kabisa nisikie. Dokta akavuta kigoda. Kirusi cha homa ya manjano, akasema, hakina tabia ya kubadilisha sura namna hii. Hiki cha korona kinabadilisha. Chanjo za 2021 zilitengenezwa kwa sura ya kile kilichotoka Wuhan. Novemba 2021 ikatambuliwa Omicron huku kusini mwa Afrika, na tangu 2022 viwanda vinaibadilisha chanjo kukikimbiza. Na hata kirusi kingetulia, askari wa mwili wanaoamshwa na sindano huanza kupungua baada ya miezi.

"Na ile habari ya moyo?" Chapchap akadakia. "Kwenye simu nimeona vijana wanaanguka uwanjani."

"Ulichoona kwenye simu sikijui. Ninachokijua ni kwamba kuna uvimbe wa misuli ya moyo unaoweza kutokea baada ya zile chanjo za Pfizer na Moderna. Ni nadra, huwapata zaidi wavulana na wanaume vijana, na wengi wao hupona. Haufichwi, umeandikwa kwenye karatasi ya ndani ya boksi."

"Mimi ni mwanamume kijana!"

"Na kijana mzima kama wewe Uingereza hawakuiti, labda ugonge mlango kwa nguvu na hela yako mkononi."

Sikuweza kuendelea kujifanya nasoma gazeti. Nikawaambia jambo ambalo limenitatiza muda mrefu. Marekani, majira ya baridi ya 2023 kuingia 2024, watu wazima wote waliambiwa waende wakachomwe ile ya korona. Waliokwenda hawakufika robo. Majira hayohayo, sindano ya mafua ya kawaida ilichomwa na karibu nusu yao. Duka la dawa lilelile, kiti kilekile, mara nyingi siku ileile. Watu walikunja shati kwa mafua, wakaliteremsha kwa korona. Kama ni woga wa sindano, mbona hawakuogopa zote mbili?

"Mafua hayana kundi la WhatsApp," akasema Bakari, ambaye huzungumza mara moja kwa siku.

Nadhani Bakari alimaliza mjadala pale, lakini kijiwe hakijui kumaliza mjadala. Dalali akasema ni bei: mtu hanunui homa ya siku moja kwa bei ya simu. Dokta akasema ni kukosa wa kuwaambia, kwa sababu mgonjwa akiambiwa na daktari wake mwenyewe "nenda kachome" huenda, na asipoambiwa hujiambia kwamba basi si lazima. Hajji akasema ni uchovu tu, hata ibada za sunna watu huzipunguza zikizidi.

Mzee Tazara akachukua njia ndefu, akarudi nyumbani.

"Nyie vijana mmesahau. Mwaka 2020 tuliambiwa papai limepimwa likakutwa na korona. Ndege ikaenda Madagascar kuleta dawa ya mitishamba. Tukajifukiza nyungu, mimi na marehemu mke wangu chini ya blanketi moja, nikajua sasa nakufa, si kwa korona, kwa mvuke. Januari 2021 Rais Magufuli, Mungu amrehemu, akatuonya tusizikimbilie chanjo za wazungu. Julai 28 mwaka huohuo Rais Samia kanyoosha mkono mbele ya kamera, kachomwa. Miezi sita tu hapo katikati! Nami nikaenda. Tukaambiwa hii Johnson ni moja, ukichomwa umemaliza. Sasa mtu aje aniambie tena kila mwaka? Si kwamba nakataa dawa. Nataka kwanza nijue kauli ya safari hii itadumu mpaka lini."

Hakuna aliyecheka. Sikuona kosa katika hoja yake, na bado sioni. Ujuzi wa wataalamu uliongezeka, kauli ikabadilika, ndivyo sayansi inavyokwenda. Lakini mtu wa kawaida haioni sayansi ikisonga. Anaona mtu yuleyule, kipaza sauti kilekile, na maneno mengine.

"Mimi sikutaka maneno," akasema Hajji. "Hija ya 2022 Wasaudia walisema: umri chini ya 65, na chanjo kamili, la sivyo hakuna visa. Nilikuwa na miaka 63. Sikuuliza hata imetengenezwa na nani. Ningeambiwa nimeze sindano yenyewe, ningemeza."

"Na zile habari za nguvu za kiume?" Chapchap akauliza kwa sauti ya chini, akatazama huku na huku kama kuna mwanamke.

Hajji akapangusa ndevu. "Nimechanja 2022. Nimeoa mke wa pili 2023. Mtoto anatembea."

Chapchap akakaa kimya akipiga hesabu kwa vidole. Dokta Panadol alikasirika kwa dhati: ameweka matangazo ya afya ukutani kwa miaka, hakuna aliyewahi kusimama kuyasoma, na leo ushahidi wa mtu mmoja mwenye ndevu umeshinda utafiti wote. Baadaye ndipo Chapchap alipokiri kwamba habari ya nguvu za kiume, ya moyo, na ya vijana wa uwanjani ni maneno tu. Anaogopa sindano. Mtu anayepita kati ya lori mbili Barabara ya Morogoro bila kofia!

Mama Vitumbua alikuwa amesimama nyuma yetu muda wote na sinia lake kichwani. Huyo ndiye mwanamke ambaye Chapchap hakumwona.

"Mimi nina sindano tano za pepopunda," akasema. "Zote tano. Mnajua kwa nini? Kwa sababu nilikuwa kliniki tayari, nina mimba, nimekaa kwenye benchi, nesi kanifuata. Hiyo ya korona ilitaka nifunge jiko nipande daladala. Nikaambiwa na homa inaweza kuja usiku. Haya, nikiamka na homa, unga nani anaukanda? Waliochanja kule sokoni walikuwa wenye mshahara, na siku ya homa walilala na mshahara ukaingia. Nyie mnabishana moyo, mnabishana Wuhan. Niletee hapa mezani, unilipie siku moja ya vitumbua, mkono huu hapa."

Akauza vitumbua sita, akaondoka. Dokta alitaka kumjibu, akagundua hana la kumjibu, akala kitumbua.

Simu ya Mzee Tazara ikalia tena. Safari hii alikuwa shemeji mwenyewe, sauti kavu ya mwanamke aliyekwisha kuamua.

"Shemeji, mwambie kaka yako hivi. Nimeambiwa kuna maduka yanauza, karibu pauni 100. Mimi nitanunua yangu, nitavunja kibubu. Yeye ya bure anaikataa. Sawa. Akilala kitandani mwezi wa Desemba asiniite. Uji atajikorogea, na maji atajichotea. Nimemaliza."

Dalali alikuwa ameshatoa kalamu. "Pauni 100 ni zaidi ya laki tatu! Mzee, subiri kwanza. Kaka ana nafasi haitaki. Shemeji anataka nafasi hana. Hapo kuna mnunuzi na muuzaji nyumba moja, wanalala kitanda kimoja, na hakuna aliyewakutanisha! Ampe ile barua yake, shemeji aende na jina la kaka, akohoe kidogo sauti ikwame. Mimi nachukua asilimia 10 tu."

"Dalali, kule wanaangalia tarehe ya kuzaliwa."

"Basi asilimia 5."

Kabla Mzee hajampa jibu lililomstahili, ukaingia ujumbe wa maandishi kutoka kwa kaka. Mzee akausoma kwa sauti, neno kwa neno, kwa sababu hana miwani: "Nimeweka miadi Alhamisi saa nne asubuhi. Usimwambie shemeji yako kwamba ni kwa sababu yake."

Dokta Panadol akapiga makofi, akasema mnaona, elimu imemfikia.

Dalali akakunja karatasi yake. "Elimu gani? Mwanamke kapunguza bei hadi uji, mteja kasaini. Na mimi hapo katikati sina hata senti."