Heko kwa Hita ya Muhokya

Wafugaji wa magharibi mwa Uganda wamewasifu ng'ombe wa pembe ndefu tangu enzi za mababu, na hakuna anayesema wamezidisha. Chumvi ya Katwe ina sifa zake, shaba ya Kilembe iliwahi kujengewa reli, na theluji ya Rwenzori hupigwa picha na kila mgeni mwenye simu. Katika ukarimu wote huo hakuna aliyeikumbuka hita ya gari, ile rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Huko kwenye Bonde la Ufa haina kazi inayojulikana. Ikiharibika haifikiki, na ikitoboka humwaga maji ya moto miguuni mwa abiria wa mbele, ambaye kwa kawaida ndiye mgeni wa heshima. Ni wakati wa kuitendea haki, na pa kuanzia ni Muhokya.

Muhokya ni mji mdogo wa barabarani kusini mwa Kasese, uliobanwa kati ya vilima vya Rwenzori na tambarare za Ziwa George. Mchana jua hupandisha joto likapita nyuzi 30 bila kuomba ruhusa. Ukiendelea kusini kwa mwendo mfupi unafika karibu na Kikorongo, penye duara za saruji kandokando ya barabara zinazoonyesha mstari wa ikweta. Nyuma ya mabega ya milima, kilele cha Margherita kimesimama mita 5,109 juu ya usawa wa bahari na barafu yake kichwani, lakini barafu hiyo haijawahi kushuka kumpoza dereva yeyote. Hapo Muhokya ndipo inapokaa hita iliyoundwa kwa ajili ya Februari ya Hokkaido. Mwenye gari hakuiomba. Alipolipia ushuru wa Toyota yake iliyotumika Japani, hita ilikuwemo ndani kimyakimya, nayo ikahesabiwa katika bei.

Tena inafika ikiwa imeshakua. Sheria ya Uganda ya mwaka 2018 ilipiga marufuku kuingiza magari yaliyotimiza miaka 15 tangu yaundwe, maana yake hita nyingi zinazotua nchini ziko katika umri wa kubalehe, umri ambao kila mzazi anajua ni wa kuvuja, kuziba na kugoma.

Tuseme kwanza inavyofanya kazi, kwa sababu sifa bila ujuzi ni ubembelezi. Injini ya petroli hugeuza kama robo hadi theluthi tu ya nguvu ya mafuta kuwa mwendo. Sehemu kubwa ya iliyobaki hupotea kama joto, jingine likitoka na moshi na jingine likichukuliwa na maji yanayozunguka injini. Maji hayo huenda kwenye rejeta kubwa kupozwa. Lakini mipira miwili myembamba huyachepusha machache kupitia ukuta wa bati unaotenganisha injini na abiria, yakaingia kwenye kisanduku chenye ukubwa wa kitabu, kilichojaa vijibomba na mapezi ya aluminiamu. Feni ikipuliza hapo, hewa inayotoka ni ya moto. Katika magari mengi maji hayo hayafungwi kamwe: hata dereva akizungusha kitufe hadi mwisho wa baridi, kinachojifunga ni kilango cha hewa tu, na hita inaendelea kuwaka moyoni ikingojea siku yake.

Siku hiyo huja Kichwamba.

Anayetoka Muhokya kwenda Mbarara hupita Kikorongo, akavuka mfereji wa Kazinga pale Katunguru, kisha barabara ikaanza kupanda ukingo wa Bonde la Ufa pale Kichwamba kuelekea Rubirizi. Gari limejaa watu, mizigo iko juu, kiyoyozi kimewashwa kwa sababu ya wageni, na gia ni ya pili. Sindano ya joto inaanza kunyanyuka. Katika mwinuko wa nchi hiyo maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi kama 97 na si 100, na kinachoyazuia yasichemke mapema hivyo ni kifuniko cha rejeta kinachobana shinikizo ndani. Mpira wa kifuniko ukiwa umechoka, safari imekwisha. Hapo dereva mzoefu hufanya jambo linalowashtua abiria wapya: anazima kiyoyozi, anafungua vioo vyote, na anawasha hita hadi mwisho, feni ikipuliza kwa nguvu zake zote.

Watu wanalalamika, watoto wanalia, mama mmoja anauliza kama dereva ana akili timamu. Sindano inasita, inatulia, inashuka kidogo. Kile kisanduku kilichodharauliwa tangu bandarini kimegeuka rejeta ya pili, kinayanyonya maji joto lake na kuwamwagia abiria, na kwa jasho lao silinda hedi imenusurika kupinda. Ni kweli dereva bora angeegesha pembeni na kusubiri, bila kugusa kifuniko hadi injini ipoe. Lakini kuegesha kwenye kona za Kichwamba, malori yakishuka, nako kunataka moyo.

Sifa ya pili ni ukweli. Sindano ya dashibodi inaweza kudanganya. Kisoma joto kilichobaki bila maji hupima mvuke tu, na sindano inaweza kulala mahali pazuri huku injini inaungua. Hita haijui unafiki huo. Ikiwashwa wakati injini ina moto na ikapuliza hewa baridi, inatangaza kwamba maji yamepungua au upepo umeingia kwenye mipira. Hata kuvuja kwake ni taarifa kamili: harufu tamutamu ndani ya gari, ukungu wenye mafuta kwenye kioo cha mbele, na zulia la upande wa abiria kulowa bila mvua. Ule utamu ni wa gilikoli iliyomo kwenye kulanti, nayo ni sumu, kwa hiyo dimbwi lake halifai kuachwa uani penye mbwa, kuku na watoto.

Wengi wa Muhokya, hata hivyo, hawatii kulanti. Wanatia maji. Na hapa hita inaungana na historia ya mji wenyewe, kwa maana Muhokya inajulikana kwa mawe ya chokaa, ambayo watu huyachimba na kuyachoma. Maji yaliyopita katika nchi ya chokaa hubeba madini yake, na yakipashwa moto huyaacha ukutani, kama inavyojua kila birika. Vijibomba vya hita ni vyembamba kuliko vya rejeta kubwa, kwa hiyo ndivyo vinavyoziba mapema. Baada ya miaka, hita ya gari lililoundwa Japani huwa na ganda la mawe ya Kasese ndani yake. Hakuna hati ya uraia inayozidi hiyo.

Wapo pia wanaojaribu kuitibu kwa chakula. Rejeta ikivuja, madereva wa nchi nyingi wamewahi kuimiminia yai bichi, wengine wakaongeza pilipili manga, kwa matumaini kwamba mchanganyiko utaganda pale penye tundu. Wakati mwingine unaganda. Lakini unaganda pia pale pasipo na tundu, na mlaji wa kwanza wa kifungua kinywa hicho ni hita, ambayo haikuwa mgonjwa.

Sasa tufikie tendo lenyewe, kubadilisha hita nyumbani, ambalo ni chuo kikuu kisicho na ada ila machozi. Mafundi wa nchi nyingi wana utani kwamba kiwandani hita hutundikwa hewani kwanza, kisha gari zima likajengwa kuizunguka. Anayetandika turubai chini ya mwembe wake na kuanza kazi asubuhi hauoni tena kama utani ifikapo saa sita. Waya wa betri hutolewa kwanza na kusubiriwa dakika kadhaa, kwa sababu kwenye usukani kuna mfuko wa hewa unaoweza kulipuka usoni. Maji humwagwa kwenye beseni. Kisha kinaanza kuvuliwa kila kitu ambacho mwenye gari alidhani ni kimoja: redio, kisanduku cha glavu, vifuniko vya pembeni, usukani, kioo cha saa za mwendo. Dashibodi nzima inanyanyuliwa na watu wawili na kulazwa nyasini kifudifudi, nyaya zimening'inia, kuku wakija kukagua.

Klipu za plastiki zilizokaa juani miaka mingi hazifunguki, hupasuka tu kwa mlio mdogo mkavu, na kila mlio ni kelele ya dashibodi itakayosikika baadaye kwenye barabara ya vumbi. Skrubu huwekwa kwenye kopo la siagi. Mwenye busara huzipanga kwenye vizibo vya soda, kila kizibo na mahali pake, na kupiga picha kwa simu kabla ya kung'oa waya wowote. Asiye na busara huzichanganya, na jioni hubaki na skrubu tano ambazo gari linaonekana kuishi vizuri bila hizo. Kama gari lina kiyoyozi, mara nyingi sehemu yake ya baridi imekaa pamoja na hita katika boksi moja, na gesi yake haifai kuachiliwa angani ovyo. Hapo ni lazima aitwe fundi wa kiyoyozi, na mwenye gari anaanza kujuta kwa sauti.

Hita yenyewe inapotoka ndani ya boksi, kila mtu hunyamaza kidogo kwa aibu. Ni kitu kidogo, chepesi, kilichozungushiwa sponji iliyooza, chenye kutu nyeupe kwenye kona moja. Huko Ulaya na Marekani kazi hii huhesabiwa kuwa ya saa nyingi za fundi, na malipo ya mikono huipita mbali bei ya kifaa. Uani Muhokya inakula siku nzima, pengine na kesho yake. Kisha maji hurudishwa, pua ya gari hupandishwa kwenye kilima kidogo, kitufe cha hita huzungushwa hadi moto, na injini huachwa ingurume hadi mapovu ya upepo yaishe. Hivyo baada ya siku mbili za jasho, tuzo ya kwanza ni kukaa ndani ya gari, adhuhuri, ikweta, na kufurahia kwamba hita inachoma.

Ndiyo maana makanika wengi wa barabara ya Kasese hawafiki huko. Mazungumzo huwa mafupi.

“Mzee, hita ya nini hapa? Tuipite tu.”

“Haitaleta shida?”

“Mzee, wewe unasikia baridi?”

Fundi hukata bomba fupi, akaunganisha mipira miwili chini ya boneti, akaikaza kwa klampu, na hita ikabaki kaburini mwake bila maji. Ni kazi ya muda mfupi, na kwa haki ni kazi ya akili: fundi mjuzi huiunganisha mipira badala ya kuiziba, kwa kuwa katika injini kadhaa njia hiyo ndiyo inayoyazungusha maji wakati themostati ingali imefunga. Ila siku ya Kichwamba msaidizi hatakuwepo.

Hita za zamani zilikuwa na bahati nyingine. Ziliundwa kwa shaba nyekundu na shaba ya njano, na fundi wa lehemu aliweza kuziba tundu kwa moto na risasi. Kasese ingekuwa na haki ya kujivuna hapo: reli ilifika mjini mwaka 1956 ili kubeba shaba ya Kilembe kwenda kuyeyushwa Jinja. Hakuna awezaye kuapa kwamba punje yake moja iliwahi kuishia ndani ya hita, lakini hakuna awezaye kukataa pia, na msifuji hahitaji zaidi ya hapo. Aluminiamu iliyochukua nafasi yake haina subira na lehemu ya mtaani. Ikitoboka hutupwa.

Ukoo wa hita pia si wa kudharauliwa. Mwaka 1893 Margaret A. Wilcox wa Marekani alipewa hataza ya kifaa cha kupasha joto mabehewa ya abiria. Volkswagen ya mgongo wa kobe, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1962, haikuwa na maji kabisa kwenye injini, hivyo haikuwa na hita ya maji. Joto lake la ndani lilitoka kwenye hewa iliyopita kandokando ya bomba la moshi, na bomba likila kutu abiria walivuta moshi. Hita ya maji, pamoja na maovu yake, humlowesha mtu miguu tu.

Magari hayakai mahali pamoja, hasa yakiwa yameanza kusumbua. Gari la Muhokya lililopitiwa hita huoshwa vizuri, hupigwa nta, na huuzwa kwa mtu wa Kabale, mji ulio karibu mita 2,000 juu, ambako ukungu wa asubuhi hufunika kioo cha mbele na watu huvaa makoti mwezi Julai. Mnunuzi amelijaribu gari mchana wa Kasese, vioo wazi, na hakuna mtu mwenye akili anayejaribu hita huko. Alfajiri ya kwanza nyumbani anazungusha kitufe hadi alama nyekundu, feni inampulizia baridi kifuani, naye anaandika ujumbe kwa aliyemuuzia: “Mzee, hili gari lina tatizo gani?”