Wafuasi wa Jumla na Rejareja

Mfuasi wa kununua ni akaunti ya mtandao wa kijamii inayojiunga na ukurasa wa mtu kwa sababu imelipiwa, si kwa sababu imevutiwa na chochote. Huuzwa kwa mafungu ya mia, elfu au elfu kumi, na anayechukua mzigo mkubwa hupunguziwa bei. Wateja ni wa kila aina: msanii wa Bongo Fleva mwenye wimbo mmoja, muuza viatu wa Kariakoo, mgombea udiwani, na mshauri wa ndoa ambaye mwenyewe bado anatafuta mchumba. Hoja yao ni moja, kwamba watu huenda palipo na watu.

Hoja hiyo si ya kipuuzi, tena ni ya zamani. Mwandishi wa Kirumi Suetonius anasimulia kwamba Kaisari Nero, aliyependa kuimba kuliko kutawala, alikusanya vijana zaidi ya 5,000 wakafundishwa mitindo ya kupiga makofi, mmoja ukiitwa wa nyuki na mwingine wa vigae. Viongozi wao walilipwa sesta 400,000, sarafu za Kirumi, kila mmoja. Ilikuwa gharama kubwa, lakini angalau Nero alipigiwa makofi. Mteja wa leo hulipa kidogo, na makofi hayamo kwenye bei.

Bei yenyewe ni ya kushangaza. Mwaka 2019 watafiti wa kituo cha mawasiliano ya kimkakati cha NATO kilichoko Riga, Latvia, walitumia euro 300 tu wakapata maoni 3,530, laiki 25,750, utazamaji 20,000 na wafuasi 5,100. Wiki nne baadaye sehemu kubwa ya bidhaa hiyo ilikuwa bado ipo mtandaoni. Kwa fedha hizo hizo harusi ya kawaida Dar es Salaam haimalizi hata suala la mapambo.

Bidhaa ya bei hiyo haiwezi kuwa binadamu aliyekaa na simu yake akavutiwa na viatu. Baadhi ya wafuasi hao huendeshwa na programu, maelfu kwa mkupuo. Wengine ni akaunti za watu halisi zilizodukuliwa, au za watu walioiamini programu iliyowaahidi umaarufu wa bure wakaipa nywila zao, ndiyo maana mtu anaweza kuamka na kukuta anamfuata daktari wa meno wa Istanbul. Wengine ni nakala, yaani jina na sura ya mtu fulani vimechukuliwa bila ruhusa. Mfano unaojulikana zaidi ni kampuni ya Devumi ya Marekani, iliyoanikwa na gazeti la The New York Times Januari 2018. Ilikuwa na akiba ya akaunti zisizopungua milioni 3.5, kila moja ikiuzwa mara nyingi kwa wateja tofauti, hadi jumla ikapita wafuasi milioni 200 wa Twitter. Akaunti zipatazo 55,000 zilibeba majina, picha au maelezo ya watu halisi, wakiwamo watoto. Kampuni ilijitangaza kuwa iko Manhattan, New York. Waandishi walipoitafuta, ofisi ilikuwa Florida, juu ya mgahawa wa vyakula vya Mexico. Kwa mfanyabiashara wa sura za watu, hata anwani ilikuwa ya kujipamba.

Mzigo ukishaingia, saa za kwanza ni za furaha. Namba inapanda kama mita ya teksi, na mwenye ukurasa hapati usingizi. Asubuhi huja ukaguzi. Wafuasi wapya wana majina yanayofanana na namba za siri, picha za maua au za magari wasiyoyamiliki, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuandika kitu. Aliyenunua na maoni pia ana shida ya ziada, kwa kuwa programu haisomi inachokisifia. Ukurasa ukiweka tanzia ya babu, chini yake huporomoka pongezi: safi sana, umependeza, endelea hivyo, na alama tatu za moto. Shangazi huziona kabla hazijafutwa, na kikao cha familia kinapata ajenda mpya.

Lakini hasara kubwa haionekani kwa macho. Mitandao mingi haimwonyeshi kila mfuasi kila kitu. Chapisho jipya huonyeshwa kwanza kwa sehemu ya watu, mtambo ukapima wangapi wamesimama, wamependa, wamejibu au wametuma kwa wenzao, kisha ndipo uamuliwe kama lisambazwe zaidi. Sehemu hiyo ikijaa wafuasi wa kununua, kinachorudi ni kimya, na mtambo huandika kwamba viatu havina mvuto. Ni sawa na kualika kwenye kamati ya harusi yale masanamu ya kuvalishia nguo madukani: viti vinajaa, ila mchango hautoki, na mjomba aliyekuja na bahasha anakosa pa kukaa. Wateja halisi wa muuza viatu, wale mia tatu wa mtaani kwake, huanza kutoiona mali yake. Kwa lugha ya hesabu, amelipa ili afichwe.

Wadhamini nao si wageni wa mchezo huu. Kabla ya kulipia tangazo hulinganisha idadi ya wafuasi na idadi ya wanaoitikia, na ukurasa wenye watu 40,000 na laiki tisa, mbili zikiwa za mke na shemeji, hujieleza wenyewe. Huangalia pia lini wafuasi waliongezeka na wanatoka wapi. Kiwanda cha sembe cha Morogoro hakina haja ya mashabiki wa Jakarta.

Namba yenyewe nayo haikai. Ndiyo maana wauzaji hutoa dhamana ya kujazia wanaopukutika, mara nyingi kwa siku 30. Desemba 2014 Instagram ilifagia akaunti za uongo, na mwimbaji Justin Bieber akapungukiwa na wafuasi milioni 3.5. Ukurasa wa Instagram yenyewe ulipoteza milioni 18.9. Haina maana kwamba walinunua; akaunti za uongo huwafuata watu mashuhuri ili zionekane za kawaida. Rapa Mase alipoteza zaidi ya milioni moja, kisha akafunga akaunti yake.

Sheria ilifuata kwa mwendo wake. Devumi ilifungwa, na Oktoba 2019 aliyekuwa mmiliki wake akakubali hukumu ya dola milioni 2.5 katika kesi ya Tume ya Biashara ya Marekani, ingawa alitakiwa kutoa 250,000 tu. Agosti 2024 tume hiyo ilipitisha kanuni inayomgusa na mnunuzi, ikiwa anajua au alipaswa kujua kwamba wafuasi ni wa uongo na anawatumia kukuza biashara.

Kinachobaki kwa aliyejuta ni kuwaondoa. Kununua elfu kumi ni kazi ya kubonyeza mara moja. Kuwafuta kwa mkono ni kupitia majina yale ya namba, ukurasa kwa ukurasa, huku umakini ukihitajika ili asifutwe shangazi. Anayechoka njiani hukutana na programu zinazojitolea kuwafagia wote kwa ada ndogo, mradi azipe nywila yake.